Tunalima maharage kila mwaka na shamba linazidi kuchoka, tunakosea wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Kibosho, Moshi, nina watoto watatu na saivi nina mimba ya miezi minne. Tuna eka moja na nusu huko chini njia ya Kahe, tunalima mahindi tunachanganya na maharage, kila mtu anasema maharage yanarudisha mbolea lakini shamba linazidi kuchoka, na maharage yenyewe yanatoa maua alafu yanapukutika. Tukivuna tunang'oa yote, tunapiga kwenye turubai, makapi tunachoma maana ng'ombe tulishauza. Nyumbani tunakula maharage karibu kila siku, naweka magadi kidogo yaive haraka, tukimaliza kula tunakunywa chai, lakini kliniki wameniambia damu iko chini. Mama mkwe naye ana sukari, anasema maharage yanamjaza gesi, anataka nyama. Hizi faida za maharage ni za kweli au ni maneno tu ya semina?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na hongera kwa hiyo mimba. Nimelisoma swali lako mara mbili maana umeeleza vizuri mpaka nimeliona shamba na jiko, na nikwambie moja kwa moja, faida ni za kweli kabisa ila nyie mnazilima alafu mnazimwaga. Nyingine zinaondoka na moshi mnapochoma makapi, nyingine magadi yanaziua humo humo kwenye sufuria, na zile za damu zinazuiliwa na hicho kikombe cha chai. Si nyie peke yenu, nimezunguka sana vijiji vya huku Arumeru na huko kwenu Moshi Vijijini na nyumba nyingi ndo hivyo hivyo, kwahiyo usijisikie vibaya, twende taratibu.

Nianze na shamba. Maharage, kunde, choroko, mbaazi, ngwara, dengu, njegere, hii yote ni jamii moja, mikunde, na hakuna hata mmoja unaotengeneza mbolea wenyewe. Wanaofanya kazi ni bakteria wa kwenye udongo, wanaingia kwenye mizizi, mmea unawajengea vijumba, ndo vile vinundu, unawalisha sukari yake na wao wanakamata naitrojeni ya hewani wanaigeuza kuwa chakula cha mmea. Hewa tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni, iko bure juu ya shamba lako usiku na mchana, mahindi yamesimama katikati yake yanakufa njaa kwasababu hayawezi kuishika, mikunde inaishika.

Msimu mmoja nilikuwa Kikwe kwa mama mmoja, maharage yake yameanza maua, nusu ya shamba alikuwa ameweka urea, nusu nyingine urea ilimwishia. Tukachimba shina moja kila upande, nasema tukachimba kwa jembe na kuosha udongo taratibu kwa maji ya ndoo, maana ukivuta kwa mkono vinundu vinakatika vinabaki chini alafu unasema hamna kitu. Upande wa urea mizizi ilikuwa misafi kama uzi wa kushonea, kinundu kimoja hapa kimoja pale, vidogo vyeupe. Upande usio na urea vilikuwa vimejaa kama punje za mtama zimebandikwa, nikapasua kimoja kwa ukucha, ndani waridi iliyoiva inaelekea kwenye damu, na ukucha ukabaki na doa. Ile rangi inatoka kwenye kitu ambacho ni ndugu kabisa wa kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, kazi yake ni kuibeba oksijeni kwa kipimo isije ikawasumbua wale bakteria. Ukipasua ukakuta waridi ujue kazi inaendelea, ukikuta cheupe au kijani hawafanyi kazi, ama bado ama wameshachoka. Na kwanini upande wa urea hawakuwepo? Mmea ukipata naitrojeni ya mfukoni unaacha kuwalisha bakteria, hauna haja nao. Yule mama alinunua mbolea ya kufukuza mbolea.

Sasa kuna sehemu ambayo kwenye semina nyingi haisemwi mpaka mwisho, na hii ndo inayowaumiza nyie. Naitrojeni nyingi iliyokamatwa na mmea mwishoni inahamia kwenye mbegu, ndo protini yenyewe hiyo tunayoila. Inayobaki kwa ajili ya shamba ni ile ya kwenye mizizi, shina na majani. Na kati ya mikunde yote tunayolima huku, maharage ya kawaida ndo mvivu kuliko wenzake kwenye kukamata naitrojeni, mbaazi, kunde na ngwara wanamshinda. Kwahiyo hebu piga hesabu ya kwenu: mmepanda yule mvivu, mbegu mmebeba, mizizi mmeing'oa, makapi mmeyachoma na naitrojeni ya kwenye makapi ikapanda juu na moshi. Shamba limebaki na nini? Halijabaki na kitu mwanangu, na huenda limetoa kuliko lilivyopokea. Ndo maana linachoka huku mnaambiwa mnalirutubisha.

Dawa yake haina gharama. Msing'oe, kateni kwa mundu usawa wa ardhi mizizi ibaki iozee humo humo. Makapi baada ya kupiga yarudisheni shambani myatandaze, yanazuia na jua lisiinyonye ardhi, na kama kuyabeba tena ni shida mpeni jirani mwenye ng'ombe ila mkubaliane akurudishieni samadi, msigawe bure. Hii biashara ya makapi kwa samadi wazee wetu waliijua sana wakati kila kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kina ng'ombe wa ndani, majani ya shamba la chini yanapanda kichwani, samadi inashuka kwenye migomba, siku hizi ng'ombe wameuzwa na mzunguko ukakatika tukabaki na kiberiti.

Kuhusu maua kupukutika, hapo nadhani hamjakosea matunzo, mmekosea zao. Maharage ni mtu wa baridi kidogo, anapenda huko juu Kibosho kwenyewe, huku Arumeru, Karatu. Huko chini njia ya Kahe usiku ni joto, na joto la usiku likishapita nyuzi 20 hivi ua la maharage linashindwa kushika, linadondoka, unaweza ukapiga dawa mpaka upate hasara tupu maana hakuna mdudu wa kumuua. Alafu jambo la pili, kama mnamwagilia kwa mfereji angalia udongo ukishakauka, ukiona juu pamefanya kama unga mweupe hiyo ni chumvichumvi, na maharage ni katika mazao ya kwanza kabisa kushindwa na chumvi. Kunde inavumilia zaidi sana.

Mimi ningekuwa nyie, lile shamba la chini ningelipa kunde na choroko na mistari ya mbaazi, maharage nikapanda kidogo huko juu karibu na nyumba. Choroko inakomaa ndani ya miezi miwili na nusu hivi au chini ya hapo, inafaa vuli ambayo mvua zake mnazijua zilivyo. Kunde unachuma majani yake mboga wakati bado inakua (usichume mpaka ukaiua, acha kichwa), alafu unavuna mbegu. Na uzuri mwingine kunde na choroko haina haja ya kununua bakteria wa dukani, wale wanaozifaa wamejaa kwenye udongo wetu, tofauti na soya ambayo mara nyingi inabidi mbegu ipakwe wa kwake. Angalieni tu vidukari na wale viwavi wanaoingia kwenye maua na maganda, kunde zina maadui wengi, pita shambani asubuhi mara mbili kwa wiki usingoje kuambiwa na jirani.

Mbaazi niiseme peke yake maana naipenda mno. Inapandwa pamoja na mahindi, inaanza polepole mpaka unadhani haipo, mahindi yanakua yanavunwa, ndo yenyewe inaanza kujiachia, kwahiyo hazigombani. Mizizi yake inakwenda chini sana inatafuta maji ambayo mahindi hayakuyafikia, na mizizi hiyo hiyo inatoa asidi inayoifungua fosforasi iliyong'ang'aniwa na madini ya chuma kwenye udongo, fosforasi ambayo mazao mengine yanaipita tu. Na majani yake yanadondoka yenyewe miezi yote hiyo yanatandika shamba, hata kama wewe ni mvivu wa kurudisha makapi mbaazi inakurudishia yenyewe. Shida yake huko kwenu ni mifugo inayoachiwa mashambani baada ya mahindi kuvunwa, hilo mliongee na majirani na serikali ya kijiji mapema, ukipanda peke yako kati ya mashamba matupu itakuwa malisho.

Na msipande mbaazi eka nzima mkiwaza bei. Mnakumbuka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingizwa nchini kwao mwezi wa nane, bei huku ikaanguka vibaya, watu wa Babati na Karatu wakabaki na magunia ndani na wengine walikuwa hawajawahi hata kuzipika, walizizoea kama hela tu. Iliniuma sana ile, chakula kizuri namna ile kiko ndani ya nyumba na watoto wanakula ugali na mchicha peke yake. Panda unachokijua kukila, kinachozidi ndo uuze.

Umeuliza faida, na kuna ya mazingira ambayo najua haikuumizi kichwa saa hizi lakini inaingia mfukoni kwako. Urea inatengenezwa viwandani kwa moto mkubwa na presha kubwa, sehemu kubwa duniani kwa kutumia gesi asilia, ndo maana 2022 vita vya Ukraine vilipoanza na gesi ikapanda, mfuko wa urea huku kwetu ukapita shilingi laki moja mpaka serikali ikaweka ruzuku. Mfuko wa kilo 50 ndani yake naitrojeni ni kilo 23 tu. Na ile ambayo mahindi hayakuiwahi, nyingine inaoshwa na maji inaelekea mitoni, nyingine bakteria wanaigeuza kuwa hewa ya naitrasi oksaidi, ambayo kwa kulipasha joto dunia inaishinda kabonidayoksaidi zaidi ya mara 250 kwa uzito ule ule. Kila kilo inayokamatwa na vinundu vyako ni kilo ambayo haikuchomewa gesi popote. Na kwa upande wa maji, wastani wa dunia gramu moja ya protini ya mikunde inatumia kama lita 19 za maji na ya nyama ya ng'ombe kama lita 112, sehemu kubwa ikiwa ni mvua iliyonyesha kwenye shamba na malisho. Simwambii Mchaga aache nyama, wala Mmasai, ng'ombe anakula majani kwenye nyika ambayo huwezi kulima na hilo lina maana yake. Nasema tu mahali ambapo maji ya mfereji tunapangiana zamu na kugombania usiku, kunde ni jirani mwema.

Haya tuingie jikoni. Maharage makavu kwa uzito karibu robo ni protini, kati ya asilimia 20 na 25, yakishaiva yakanywa maji inakuwa gramu 8 au 9 kwa kila gramu 100, kwahiyo kikombe kimoja kilichojaa kinakupa kama gramu 15. Protini ya mahindi ina upungufu wake, inakosa sana kitu kinaitwa laisini, maharage yanayo tele, na maharage yana upungufu wa kingine kinaitwa methionini ambacho mahindi yanacho afadhali. Ukiyaweka pamoja kila mmoja anaziba pengo la mwenzake na mwili unapata protini inayokaribia ile ya nyama. Kwahiyo lile sufuria la makande ambalo watoto wa siku hizi wanalidharau eti chakula cha boding ni akili ya watu walioishi na nafaka hizi miaka na miaka. Kiburu, zile ndizi zilizopikwa na maharage, nacho kizuri ila ndizi haina protini ya maana, humo maharage yaongezwe yaonekane, sio ya kutafuta na kijiko.

Magadi sasa. Najua kwanini unaweka, kuni ni ghali, mkaa ni ghali, na huko Kibosho kwa urefu ule wa mlimani maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100, kwahiyo maharage yale yale ya mtu wa Tanga huko pwani yanaiva haraka kwake na kwako yanakaa. Lakini magadi yanaharibu vitamini B1, na maharage ni moja ya vyakula vinavyotupa hiyo vitamini kwa wingi. Badala yake loweka usiku kucha, asubuhi yale maji mwaga (yamwagie migomba), weka mapya, yakichemka acha yachemke kwa nguvu kabisa dakika kumi za mwanzo na kifuniko, alafu punguza moto. Hizo dakika kumi usizichezee hasa kwa maharage mekundu, yana sumu yake ya asili ambayo moto wa kuchechemka tu hauiui vizuri, watu wanatapika wanasema wamerogwa. Kama bajeti inaruhusu nunua presha kuka, kwa urefu wenu ndo chombo cha kwanza ningekishauri kabla ya blenda, inajilipa kwenye mkaa. Na kagua unavyonunua pale Mbuyuni au Kiboroloni, maharage ya zamani yaliyokaa stoo yenye joto yanakuwa magumu hata uyapike mpaka jioni, uliza ni ya msimu gani, na onja kisado kimoja kabla hujachukua debe.

Kulowesha huko ndo jibu la gesi ya mama mkwe pia. Kuna sukari fulani kwenye maharage tumbo letu halina kimeng'enya cha kuzivunja, zinafika kwenye utumbo mpana bakteria wanazichachusha, gesi inatoka hapo. Ukimwaga maji ya kulowekea sehemu yake inakwenda. Alafu mwanzishie choroko na mbaazi zilizoiva laini kabisa, kidogo kila siku, robo kikombe, baada ya wiki mbili tatu tumbo linazoea. Tatizo letu ni kula sahani iliyojaa siku moja alafu unakaa wiki.

Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba kwa mtu wa sukari hicho anachokikataa ni rafiki yake. Wanga wa mikunde unameng'enywa polepole, una faiba, yaani nyuzinyuzi, nyingi, sukari haipandi ghafla kama kwenye ugali wa sembe au wali. Ila masharti ni kwamba maharage yachukue nafasi ya sehemu ya ugali, sio yaongezwe juu ya mlima ule ule. Sahani nusu mboga za majani, robo ugali, robo maharage, na kipande cha nyama akitamani apewe, mtu mzima asinyimwe. Isipokuwa kama daktari ameshamwambia figo zina shida, hapo kipimo cha maharage aulize kwa daktari wake kwanza.

Na wewe mwenyewe, damu. Chuma cha kwenye maharage kipo ila mwili unakichukua kwa shida, tofauti na cha nyama. Chai na kahawa zinakikamata kabla hujakipata, na wewe unakunywa pale pale ukimaliza. Sogeza chai, iwe saa moja na nusu au mawili mbali na chakula, najua ni ngumu kwa mtu wa Moshi ila fanya kwa ajili ya huyo mtoto. Kwenye sahani kamulia limau au ndimu, kachumbari ya nyanya mbichi, au kula chungwa au pera pale pale, vitamini C inakifungulia njia kile chuma. Ukipata hata kipande kidogo cha nyama au dagaa kwenye mboga ile ile ya maharage kinasaidia chuma cha maharage nacho kipite, kwahiyo hapo mama mkwe ana hoja kidogo. Vidonge vya kliniki meza kama ulivyoambiwa usiache hata siku moja, chakula hiki kinasindikiza vidonge, hakichukui nafasi yake. Na kunde ziongeze kabisa, kikombe kimoja cha kunde zilizoiva kinakupa zaidi ya nusu ya folati, ni vitamini hiyo, ambayo mjamzito anahitaji kwa siku, na folati inahitajika kutengeneza damu yako na ya mtoto.

Mkishavuna, mbegu zikaushwe mpaka ukiuma inapasuka haikubali jino kuzama, ndo mziweke kwenye mifuko ile ya tabaka mbili za plastiki ndani inayobana hewa, mfunge kila tabaka peke yake kwa nguvu. Wadudu waliomo wanaishiwa oksijeni wanakufa bila sumu yoyote, na msiufungue fungue, kama mna gunia mbili fungueni moja mle muimalize.

Vuli hii panda choroko kwenye nusu eka tu, usiweke urea, na ukiona maua ya kwanza shuka na jembe dogo na ndoo ya maji, chimba mashina matatu sehemu tofauti, osha, pasua vinundu kwa ukucha, alafu niandikie umekuta rangi gani.